Maziwa ya Hifadhi ya Taifa ya Nyerere

Maziwa ya Hifadhi ya Taifa ya Nyerere ni kundi la maziwa madogo yasiyo na kina kirefu yaliyo upande wa kaskazini wa mto Rufiji, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, kusini-mashariki mwa Tanzania. Yanayojulikana zaidi ni matano: Tagalala, Manze, Nzerakera, Siwandu na Mzizimia. Yote hutegemea maji ya Rufiji. Watalii wengi wanaofika hifadhini huja kwa ajili ya mto huo na maziwa yake, ili kutembea kwa boti, kuzunguka kwa gari, kutembea kwa miguu wakiwa na askari mwenye silaha, kuvua samaki, au kulala kwenye mahema karibu na maji.

Hifadhi yenyewe ina eneo la km² 30,893 na ndiyo hifadhi ya taifa kubwa kuliko zote nchini. Hata hivyo maziwa yako katika sehemu ndogo ya eneo hilo. Anayesikia ukubwa huo na kudhani ataizunguka hifadhi nzima kwa siku mbili atashangaa: karibu kila safari ya kawaida hufanyika katika ukanda wa mto na maziwa, kati ya lango la Mtemere upande wa mashariki na Beho Beho upande wa magharibi.

Mto na maziwa

Rufiji huanzia pale mito ya Kilombero na Luwegu inapokutana, kwenye maporomoko ya Shughuli. Mbele kidogo hupokea maji ya Ruaha Mkuu, kisha hupita katika korongo jembamba lililoitwa kwa jina la mhandisi Stiegler. Eneo lote linalomimina maji yake Rufiji lina takriban km² 177,000, yaani karibu sehemu moja ya tano ya Tanzania bara. Maji ya mvua ya Iringa, Mbeya, Njombe na Morogoro hatimaye hupitia hapa kabla ya kufika Bahari ya Hindi.

Baada ya korongo nchi huwa tambarare. Maji hupoteza kasi na kuanza kuacha mchanga yaliyoubeba. Mchanga ukijaa mahali pamoja, mto huuzunguka na kutafuta njia nyingine. Ndiyo maana Rufiji ya chini haina mkondo mmoja wa kudumu: ni mto mpana wenye mafungu ya mchanga, visiwa vya muda na mikono inayofunguka na kufunga. Mkono wa zamani ukiachwa, sehemu zake za chini hubaki na maji na kuwa ziwa. Maziwa ya Nyerere yalitokea kwa njia hiyo, na bado yameunganishwa na mto kwa mifereji ya asili. Mto ukifurika, maji huingia ziwani kwa mifereji hiyo pamoja na samaki na matope yenye rutuba. Mto ukishuka, baadhi ya maji hurudi, na yanayobaki hupungua kwa jua hadi msimu ujao.

Ushahidi wa kuhama kwa maji unaonekana kwa macho. Katika baadhi ya maziwa kuna vigogo vya miti na mivumo iliyokufa ikiwa bado imesimama ndani ya maji. Mvumo ni mti wa jamii ya mnazi wenye shina refu lililovimba katikati, na hauoti ndani ya ziwa. Kila kigogo kinaonyesha kwamba mahali hapo palikuwa nchi kavu wakati mti ulipokuwa mchanga, na kwamba mto uliufuata baadaye. Leo vilele vyake ni viota na vituo vya ndege, na wapiga picha huvipenda kuliko kitu kingine chochote ziwani.

Ramani ya zamani ya eneo hili isitumainiwe sana. Njia ya gari iliyopita ukingoni inaweza kuliwa na mto katika msimu mmoja, na mfereji ambao boti ilipita mwaka uliopita unaweza kuzibwa na mchanga. Waongozaji wa eneo hilo hulazimika kujifunza mto upya kila baada ya masika.

Mfumo wa maziwa hauishii kwenye mpaka wa hifadhi. Chini ya Mtemere kuna maziwa mengine ya aina hiyohiyo, kama vile Mtanza, Zumbi, Ruwe na Utunge, ambayo yako katika ardhi ya vijiji na ambako wananchi huvua kambale na perege.

Historia ya eneo

Utawala wa Wajerumani ulianza kutenga maeneo ya wanyama kando ya Rufiji mwaka 1896, wakati wa gavana Hermann von Wissmann. Nchi haikuwa tupu wakati huo. Watu walilima, waliwinda na kuvua kando ya mto. Mwaka 1905 Vita vya Maji Maji vilianzia katika nchi ya Wamatumbi, kusini mwa Rufiji, ambako mganga Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe aligawa dawa ya maji aliyoamini ingezuia risasi. Ukandamizaji wa vita hivyo na njaa iliyofuata viliua watu wengi mno na kuacha maeneo makubwa ya kusini bila wakazi. Sehemu ya pori analoliona mtalii leo ni pori lililorudi baada ya watu kuondoka.

Katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia majeshi ya Uingereza na Ujerumani yalipigana kando ya maziwa. Tarehe 4 Januari 1917 Frederick Courteney Selous, mwindaji na mwandishi Mwingereza aliyekuwa na umri wa miaka 65, alipigwa risasi na kufa karibu na Beho Beho. Kaburi lake bado lipo huko, na magari ya watalii husimama hapo. Mwaka 1922 Waingereza waliunganisha maeneo yaliyotengwa na Wajerumani na kuyaita Pori la Akiba la Selous. Katika miaka ya 1930 na 1940 pori lilipanuliwa, na wakazi wengi wa upande wa Liwale walihamishwa kwa sababu zilizotolewa kuwa ni ugonjwa wa malale na uharibifu wa mazao uliofanywa na tembo.

UNESCO iliiweka Selous katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1982. Kwa miongo mingi sehemu kubwa ya pori ilikuwa vitalu vya uwindaji, na utalii wa picha uliruhusiwa tu katika eneo dogo la kaskazini mwa Rufiji, yaani palepale penye maziwa. Ujangili ulipunguza tembo vibaya: mwaka 1976 walikadiriwa kuwa karibu 110,000, na hesabu ya mwaka 2013 ilipata takriban 13,000. Mwaka uliofuata UNESCO iliiingiza Selous katika orodha ya Urithi wa Dunia ulio hatarini.

Mwaka 2019 sehemu ya kaskazini ilimegwa na kuwa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere chini ya TANAPA, kwa heshima ya rais wa kwanza wa Tanzania, Julius Nyerere. Kusini iliyobaki bado inaitwa Pori la Akiba la Selous, na huko uwindaji wa kitalii unaendelea. Watu wengi, pamoja na wafanyabiashara wa utalii, bado hutumia jina la Selous kwa eneo lote, jambo linalowachanganya wageni wanaotafuta tiketi au barabara.

Safari ya boti

Safari ya boti ndiyo inayoitofautisha Nyerere na hifadhi nyingi za Tanzania. Serengeti na Ruaha huzungukwa kwa gari. Boti hupatikana katika hifadhi chache tu, kwa mfano Saadani kwenye mto Wami. Boti za Nyerere kwa kawaida ni za alumini, bapa chini, zenye viti vya watu wachache na kivuli cha turubai. Safari huchukua saa mbili hadi tatu. Nyingi huondoka mapema asubuhi au alasiri ili kurudi kabla ya jua kuzama, kwa sababu saa za mchana ni joto kali na wanyama wengi hujificha.

Mnyama wa kwanza kuonekana huwa kiboko. Viboko hukaa majini mchana kutwa kwa sababu ngozi yao haistahimili jua, na usiku hutoka kula majani nchi kavu. Hawaogelei kama watu wengi wanavyofikiri, bali hutembea au kuruka juu ya sakafu ya ziwa na kuibuka kila baada ya dakika chache kupumua. Hapo ndipo hatari ilipo kwa boti: kiboko aliye chini haonekani. Nahodha mzoefu hupunguza mwendo kwenye maji ya kina kifupi, huwaachia viboko njia ya kukimbilia kwenye maji marefu, na wengine hugonga ubavu wa boti ili wanyama waibuke na kujulikana walipo. Abiria hutakiwa kuvaa jaketi okozi, kukaa wakati wote na kutoweka mikono majini. Sharti la mwisho linahusu mamba. Mamba wa Rufiji ni wengi, baadhi yao ni wakubwa sana, na ziwa Tagalala linajulikana hasa kwa ajili yao. Wakati wa kiangazi hutaga mayai katika mchanga wa kingo, na mama hukaa karibu kuyalinda.

Ndege ni sababu ya kutosha ya kwenda kwa boti, hata kwa mtu asiyewajua kwa majina. Hifadhini kumeorodheshwa zaidi ya spishi 440. Tai mla samaki hulia kutoka juu ya mivumo. Keremkeremu huchimba mashimo mamia kwa mamia katika kingo za udongo zilizokatwa na mto, hivyo ukingo mzima huonekana kama chujio. Kwenye mafungu ya mchanga hutaga ndege wa spishi Rynchops flavirostris, ambaye mdomo wake wa chini ni mrefu kuliko wa juu. Huruka chini sana jioni huku mdomo huo ukikata maji kutafuta samaki wadogo. Viota vyake ni vishimo vidogo tu mchangani. Maji yakipanda wakati usio wake, mayai huenda nayo.

Kutoka kwenye boti mtu huona pia wanyama wa nchi kavu wanaokuja kunywa: tembo, nyati, kuro, swala pala, na mara nyingine simba waliolala kivulini. Faida ya boti ni kwamba tembo haijali sana injini iliyozimwa majini, na hukaribiwa kwa utulivu usiopatikana kwa gari.

Kwa gari na kwa miguu

Njia za gari huzunguka maziwa moja baada ya jingine. Katika kiangazi madimbwi ya porini hukauka na wanyama hukusanyika kandokando ya maji ya kudumu. Mbwamwitu wa Afrika, ambaye amekwisha kutoweka katika nchi nyingi, bado ana kundi kubwa katika eneo la Nyerere na Selous, na watu husafiri kutoka mbali kwa ajili yake tu. Nyumbu wa hapa ni wa nususpishi yenye mstari mweupe usoni, tofauti na wale wa Serengeti. Twiga hupatikana kaskazini mwa Rufiji pekee. Mto umewazuia kuvuka, na upande wa kusini hawapo.

Kutembea kwa miguu kunaruhusiwa kwa makundi madogo yanayofuatana na mwongozaji na askari wa hifadhi mwenye bunduki. Kwa kawaida watoto wa chini ya miaka 12 hawachukuliwi. Matembezi huanza alfajiri na kumalizika kabla ya joto, na lengo lake si kukaribia wanyama wakubwa. Mtu hujifunza nyayo, kinyesi, miti, vichuguu na njia za viboko, ambazo ni mifereji miwili sambamba iliyochimbwa na miguu kwa miaka mingi kutoka ziwani hadi malishoni. Haifai kamwe kusimama katika njia hiyo wakati wa asubuhi, kiboko anaporudi majini.

Karibu na ziwa Tagalala na Beho Beho kuna chemchemi za maji moto. Maji hutoka ardhini yakiwa ya moto sana na yenye harufu ya kiberiti, kisha hushuka kwenye vidimbwi ambavyo vya chini vimepoa kiasi cha kuogeka. Baada ya siku nzima ya vumbi wageni wengi huvifurahia, ingawa katika Oktoba, hewa yenyewe ikiwa ya moto, ni vigumu kueleza kwa nini.

Uvuvi kwa ndoano huruhusiwa kwa kibali katika maeneo maalumu. Samaki wanaotafutwa ni wa jenasi Hydrocynus, wenye meno marefu yanayoonekana hata mdomo ukiwa umefungwa, na kambale mkubwa wa spishi Heterobranchus longifilis. Kwa kawaida samaki hurudishwa majini.

Wakati wa kwenda

Msimu mkuu ni Juni hadi Oktoba. Juni na Julai hali ya hewa ni nzuri, majani bado ni mengi, na maji ya kutosha kwa boti kupita mifereji. Septemba na Oktoba wanyama huonekana kwa urahisi zaidi kwa sababu maji ni machache na majani yameisha, lakini joto hupanda na baadhi ya mifereji huwa haipitiki. Anayependa boti achague miezi ya mwanzo. Anayependa kuona simba na mbwamwitu achague ya mwisho.

Mvua za vuli huanza Novemba. Januari na Februari huwa na nafuu, na ndege wahamiaji kutoka Ulaya na Asia huwa wapo. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, udongo mweusi wa mfinyanzi hugeuka utelezi unaonasa hata magari ya magurudumu manne, na kambi nyingi hufungwa Aprili na Mei.

Malaria ipo mwaka mzima. Mbung'o wapo pia, hasa njia inapopita katika miombo mbali na maziwa. Huvutiwa na rangi ya buluu na nyeusi, ndiyo maana mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo, na mgeni aliyevaa suruali ya jinzi hutambua kosa lake mapema. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini Tanzania tangu tarehe 1 Juni 2019.

Kufika na kulala

Kutoka Dar es Salaam barabara ya lami hufika Kibiti kupitia Mkuranga. Hapo njia huacha barabara kuu ya kusini na kuelekea magharibi kwa barabara ya udongo hadi kijiji cha Mloka na lango la Mtemere. Safari nzima ni zaidi ya km 220 na huchukua saa tano hadi saba, kutegemea mvua. Njia ya pili hupitia Morogoro, Matombo, Mvuha na Kisaki hadi lango la Matambwe. Ni ndefu na mbovu zaidi, ila hupita chini ya milima ya Uluguru na mandhari yake ni mazuri. Tangu 2024 sehemu ya Dar es Salaam hadi Morogoro inaweza kufanywa kwa treni ya SGR.

Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, hukata kaskazini mwa hifadhi na ina vituo Kisaki, Fuga na Matambwe. Abiria wa kawaida wanaokwenda Ifakara au Mbeya huona twiga na tembo dirishani bila kulipa kiingilio. Watalii wa kigeni wengi hutumia ndege ndogo kutoka Dar es Salaam au Zanzibar, ambazo hutua katika viwanja vya udongo karibu na maziwa baada ya chini ya saa moja.

Kiingilio huhesabiwa kwa saa 24, na hulipwa kwa njia ya kielektroniki wala si kwa fedha taslimu. Raia wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki hulipa kwa shilingi, kiasi kidogo sana kuliko wageni wengine, mradi waonyeshe kitambulisho. Boti, mwongozaji na askari wa matembezi hulipiwa mbali. Magari hayaruhusiwi kuzunguka usiku.

Kambi za ndani ya hifadhi ni za gharama kubwa. Mgeni wa kipato cha kawaida, kwa mfano kundi la wanafunzi au familia kutoka Dar es Salaam, hupata unafuu kwa kulala Mloka nje ya lango na kuingia asubuhi. Ubaya wake ni kwamba saa nzuri za alfajiri hupotea kwenye malipo na barabara, kwa hiyo inafaa kukamilisha malipo siku iliyotangulia.

Vijiji jirani

Vijiji vya Rufiji huishi na mto uleule na wanyama walewale. Watu huchota maji mahali penye mamba. Tembo na viboko huingia mashambani usiku. Kati ya 2002 na 2004 simba waliua makumi ya watu katika wilaya ya Rufiji, wengine wakiwa wamelala kwenye vibanda vya mashambani walikolinda mpunga na mahindi. Utalii umeleta ajira za uongozaji, upishi, unahodha na ulinzi, hasa Mloka, na baadhi ya vijiji, kama Ngarambe na Tapika, vimeunda jumuiya ya hifadhi ya wanyamapori ili kupata sehemu ya mapato. Lakini mwenye shamba lililoliwa na mwenye ajira kambini mara nyingi si mtu mmoja.

Kilimo cha asili cha Warufiji kilifuata mafuriko. Maji yakirudi mtoni, ardhi iliyobaki na unyevu hupandwa mazao ya mlau, ambayo hukua wakati wa kiangazi bila mvua. Baada ya mafuriko makubwa ya 1968 serikali iliwahamisha wakazi wengi kutoka bondeni hadi vijiji vya nchi ya juu, katika mpango ulioitwa Operesheni Rufiji. Wengi waliendelea kurudi bondeni kulima, kwa sababu nchi ya juu haikuwa na matope ya mto.

Bwawa na mustakabali wa maziwa

Wazo la kujenga bwawa katika korongo la Stiegler ni la zamani kuliko uhuru wa Tanzania. Mkataba wa ujenzi ulisainiwa Desemba 2018 na kampuni za Misri za Arab Contractors na Elsewedy Electric, na Rais John Magufuli aliweka jiwe la msingi Julai 2019. Desemba 2022 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua ujazaji wa maji. Mtambo wa kwanza ulianza kuzalisha umeme mapema 2024, na mitambo yote tisa, yenye jumla ya megawati 2,115, ilikamilika mwaka 2025. Kwa nchi iliyozoea mgawo wa umeme, hayo ni manufaa makubwa ambayo hata wapinzani wa mradi hawayakani.

UNESCO na mashirika ya uhifadhi yaliupinga mradi kwa sababu uko ndani ya eneo la Urithi wa Dunia, na kwa sababu ya kile kinachoweza kutokea chini ya bwawa. Hoja inahusu maziwa moja kwa moja. Bwawa lina uwezo wa kuhifadhi takriban mita za ujazo bilioni 33 za maji. Linapofanya kazi ya umeme, hukusanya maji ya masika na kuyaachia kidogokidogo mwaka mzima. Mto chini yake huelekea kuwa na mafuriko madogo zaidi na kiangazi chenye maji mengi zaidi kuliko zamani. Kwa mwenye boti, Oktoba yenye maji ya kutosha ni habari njema. Kwa ziwa, mafuriko ndiyo yanayofungua mifereji, kuleta samaki na kusukuma mchanga. Yasipofika, mifereji huziba taratibu. Kwa ndege anayetaga mchangani, maji yanayopanda na kushuka kufuata mahitaji ya umeme ni hatari. Mchanga na matope navyo hubaki nyuma ya bwawa, na maji yanayotoka yakiwa hayana mzigo hula kingo na sakafu ya mto.

Jambo hili lina mfano. Hifadhi ya Mana Pools nchini Zimbabwe nayo ina madimbwi yaliyoachwa na mto wa zamani, kando ya Zambezi, chini ya bwawa la Kariba lililokamilika 1959. Tangu hapo mafuriko ya kila mwaka yalipungua sana. Utalii wa Mana Pools haukufa, na bado ni maarufu kwa matembezi ya miguu na mitumbwi, lakini mto wake si ule uliounda madimbwi hayo.

Bwawa halizuii kila mafuriko. Aprili 2024, baada ya mvua kubwa kuliko kawaida, maji yalifunika vijiji na mashamba katika wilaya za Rufiji na Kibiti na watu wengi walipoteza makazi. Bwawa lilikuwa limejaa, na TANESCO ililazimika kufungulia maji ili kulilinda. Wananchi wengi waliona bwawa ndilo chanzo cha maafa. Serikali ilijibu kwamba mafuriko yalitokana na mvua, na kwamba bila bwawa yangekuwa makubwa zaidi. Mabishano hayo yanahusu swali ambalo litaendelea kuamua hali ya vijiji na ya maziwa pia: ni maji kiasi gani yaachiwe, na katika mwezi gani. Inawezekana kiufundi kuachia mafuriko ya kupangwa wakati wa masika ili mifereji ipate maji yake, kwa gharama ya kiasi fulani cha umeme.